Siku moja Stockholm ukiwa na boti ya tanga: maswali mnayouliza sana

Kila kiangazi kikikaribia maswali yanakuwa yale yale, kwa hiyo nimeyaweka pamoja hapa. Msimamo wangu ni mmoja na utauona kila mahali: Stockholm ukifika kwa boti usiukimbize mji. Chagua vitu viwili, vikizidi sana vitatu, muda uliobaki tembea tu na ukae. Anayetaka kuumaliza mji mzima kwa siku moja atamaliza miguu yake tu.

Kwanini Stockholm na sio Copenhagen au Oslo?

Copenhagen ni pazuri sibishi, kwenye mifereji ya Christianshavn maboti yamelala chini kabisa ya meza za watu wanaokunywa kahawa, na Oslo unaingia kwa fjodi ndefu mpaka unatokea mbele ya jengo la opera. Ila Stockholm imejengwa juu ya visiwa 14, pale ziwa Mälaren linapomwaga maji yake kwenye bahari ya Baltic, yaani kila ukigeuka kuna maji, na gati la wageni lipo katikati ya mji sio huko nje mpaka upande basi. Unashuka kwenye boti na ndala zako, dakika chache upo mlangoni kwa makumbusho. Halafu kabla hujafika mjini umeshapita kwenye visiwa vya nje, karibu 30,000 ukijumlisha na vile vijiwe ambavyo hata mbuzi hatoshi, na hiyo peke yake inatosha kunirudisha.

Lazima niwe na boti yangu?

Hapana aisee, hata mimi sina, napanda kama baharia kwenye boti ya marafiki, nashika kamba, napika, naosha deki, na kwa kawaida gharama za chakula na gati tunachangiana. Wenye maboti huku wengi wanatafuta watu wa kuongezea nguvu hasa kwa safari ndefu, ujuzi unajifunza humo humo ilimradi husumbui na hutapiki kwenye kitanda cha mtu.

Kama mambo ya tanga sio yako kuna meli za usiku za kutoka Helsinki na Turku kule Finland. Ya Helsinki inaingia Stockholm kama saa 4 asubuhi na inaondoka jioni, hivyo unapata siku moja kamili mjini na kitanda kinakungoja melini. Cha kufanya ni kuamka mapema uende juu deki, maana masaa ya mwisho meli kubwa kama jengo la ghorofa kumi inapita katikati ya visiwa vyembamba mpaka unaona watu wakinywa chai kwenye veranda zao. Watu wengi wanalala muda huo, sijui wamelipia nini.

Meli kubwa za watalii nazo zinakuja, ila cheki kwanza inatia nanga wapi. Zikisema Stadsgården umepona, unatembea kwa mguu mpaka mji wa zamani. Zikisema Nynäshamn jua hapo ni kusini huko, kama kilomita 60 hivi, treni inakula karibu saa zima kwenda na lingine kurudi, na siku yako inakatika.

Pasipoti ya Tanzania au Kenya, visa inakuwaje?

Unahitaji visa ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, boti haibadilishi chochote. Siku 90 ndani ya kila siku 180, hesabu ile ile ya anayekuja na ndege. Kitu ambacho watu wa boti wanakisahau ni kwamba baharini mipaka haionekani. Ukitoka Denmark au Finland kwenda Sweden upo ndani ya Schengen muda wote, lakini nahodha wako akiamua kuanzia Uingereza basi unaingia upya, kwa hiyo omba visa ya kuingia mara nyingi sio ya mara moja, na nahodha atatakiwa kutoa taarifa kwa walinzi wa mpaka kabla hamjashuka. Pasipoti ishuke na wewe, usiiache kwenye droo ya boti.

Unaingiaje mjini kwa tanga, sio hatari?

Hatari ipo kwenye mawe. Bahari ya huku haina mawimbi makubwa ukishaingia kati ya visiwa, ila chini kumejaa miamba, mingine imejificha nusu mita tu chini ya maji, sasa mtu anaendesha kwa kuangalia ramani kila dakika na kufuata maboya. Kijani na nyekundu unavijua, vile vya njano na nyeusi vinakuonyesha upande gani wa dira ni salama. Ukitoka nje ya njia iliyopimwa, shauri yako.

Sisi huwa tunaingilia upande wa Sandhamn, tunalala kisiwani, kesho yake tunakuja mdogo mdogo. Upepo ukiwa wa magharibi ni kubisha tu, yaani kwenda mshazari huku na huku dhidi ya upepo, na njia yenyewe nyembamba, meli za Finland nazo zinakuja nyuma, hapo tunashusha tanga tunawasha injini bila aibu. Mnapita Vaxholm, kuna ngome katikati ya mlango ambayo mfalme Gustav Vasa alianza kuijenga mwaka 1548 ili kuzuia maadui wasifike Stockholm, na ukiiona ilivyokaa unaelewa mara moja kwanini aliiweka pale, njia ya kwenda mjini inapita mbele ya mizinga yake. Baada ya hapo nyumba zinaongezeka, unakata kona ya mwisho kwenye ncha ya Djurgården, na mji unafunguka wote kwa pamoja, minara ya makanisa upande wa kushoto na mbele, mabembea ya Gröna Lund kulia.

Mnafunga boti wapi?

Napenda Wasahamnen, kisiwa cha Djurgården. Ipo kati ya makumbusho ya Vasa, ile meli ya vita ya kale iliyozama, na uwanja wa mabembea wa Gröna Lund, kwa hiyo ukae ukijua mpaka usiku utasikia watu wakipiga kelele wakiwa wamening'inizwa kichwa chini. Watoto wanafurahi, wazee wananuna. Kitu kingine ni feri, kila zikipita zinasukuma maji na boti inacheza, funga kamba vizuri na weka maboya mawili ya ziada pembeni ili boti isigonge gati. Anayetaka kimya kuna Navishamn kwenye kisiwa hicho hicho, ila unatembea zaidi.

Jinsi ya kufunga ni tofauti na kwetu. Sehemu nyingi omo, yaani mbele ya boti, inaelekea gatini, na tezi, yaani nyuma, inafungwa kwenye boya nyuma, mnaruka mbele kupitia omo. Mtu wa Zanzibar atashangaa mwingine hapimi kamba wala nini, anafunga fupi fupi anaenda zake, ni kwa sababu maji ya Baltic hayapwi wala hayajai kwa kiasi cha kukusumbua. Kwetu bamvua linapanda na kushuka kama mita 4, huku boti utaikuta kesho pale pale kimo kile kile. Kina kinaweza kubadilika kidogo kwa upepo na hali ya hewa, basi.

Umeme upo, bafu lipo, na bei ya gati mara nyingi inajumuisha hivyo. Julai jaza nafasi yako mapema mtandaoni au fika kabla ya saa 8 mchana, maana Wasweden wote wapo likizo na wote wanaonekana kuwa na boti.

Choo cha boti je?

Marufuku kumwaga. Tangu tarehe 1 Aprili 2015 Sweden imekataza maboti ya starehe kumwaga uchafu wa choo baharini, popote ndani ya maji yao mpaka maili 12. Kuna mashine za kunyonyea gatini, unaunganisha bomba unanyonya. Nani anafanya kazi hiyo? Mgeni, siku zote mgeni.

Sasa siku yenyewe inaendaje?

Haya, hii ndio ninayoipendekeza, badilisha upendavyo.

Asubuhi usitoke mbio. Kahawa kwenye deki, angalia feri za kwanza. Makumbusho ya Vasa kiangazi yanafunguliwa saa 2 na nusu asubuhi na wewe upo jirani, hivyo uwe kwenye foleni ya kwanza kabla mabasi ya watalii hayajamwaga watu, mpaka kufika saa 5 pale ndani hapapitiki. Ukitoka, rudi kwenye boti ule kitu, hiyo ndio raha ya kulala katikati ya mji, jiko lako lipo pale.

Halafu panda feri ndogo ya Djurgården kwenda Slussen. Ni usafiri wa umma wa kawaida, tiketi ile ile ya basi na treni za chini ya ardhi, inadumu dakika 75, na safari yenyewe kama dakika 10. Watu wanalipa hela nyingi kwa boti za kutalii zenye spika masikioni wakati hii inapita mbele ya vitu vile vile, utaona Skeppsholmen na ile meli nyeupe ya milingoti mitatu, af Chapman, ilitengenezwa Uingereza mwaka 1888 na tangu 1949 ni hosteli, ukitaka unalala humo.

Kutoka Slussen unaingia Gamla Stan, mji wa zamani, zurura mpaka uchoke. Saa 6 na robo mchana siku za kazi askari wa mfalme wanabadilishana zamu kwenye ikulu, Jumapili saa 7 na robo, kiangazi wanakuja na bendi. Mimi nimeshaona inatosha, ila kama hujawahi simama dakika kumi uone.

Mchana ni kula, wapi nitaeleza chini. Alasiri panda Södermalm, kuna njia ya miguu inaitwa Monteliusvägen juu ya jabali, unaona ziwa, jengo la manispaa na mji wa zamani vyote mbele yako, kuna mabenchi, kaa. Kaa kweli, sio kupiga picha mbili na kuondoka. Jua la kiangazi linaenda polepole sana huku, mwishoni mwa Juni linazama kama saa 4 usiku, kwa hiyo hakuna haraka ya giza. Jioni mnarudi na feri ile ile au kwa mguu kupitia Strandvägen, kando ya maji, maboti ya zamani ya mizigo yamefungwa mstari mzima. Mnapika kwenye boti. Mwisho wa siku.

Ni hivyo tu. Kama unaona ni vichache umezoea ratiba za mawakala.

Hiyo Vasa ni nini hasa mpaka kila mtu anaisema?

Ni meli ya vita ya mfalme Gustav II Adolf, ilizama tarehe 10 Agosti 1628 kwenye safari yake ya kwanza kabisa, baada ya kwenda kama mita 1,300 tu, mbele ya watu wa mji waliokuja kuiaga. Haikupigwa na adui wala dhoruba. Ilipandisha matanga manne, upepo mmoja ukaja ukailaza, ikainuka, wa pili ukailaza zaidi, maji yakaingia kwenye madirisha ya mizinga ambayo yalikuwa wazi kwa ajili ya kupiga saluti, ikaenda chini. Watu kama 30 walikufa. Ilizama karibu na Beckholmen, na ukiwa umelala Wasahamnen hapo ni pua na mdomo.

Sababu yake baharia yeyote wa jahazi ataielewa bila kuchorewa. Meli ilikuwa nyembamba chini na nzito juu, mizinga 64 ya shaba nyeusi, kubwa kubwa, imepangwa kwenye sakafu mbili, na juu yake tena mamia ya sanamu za mbao, simba, wafalme wa Kirumi, mapambo ya kila aina. Farumi, uzito wa kuituliza meli, chini ilikuwepo, mawe tani kama 120, ila haikutosha, na wangeongeza ingekuwa balaa lingine kwa sababu madirisha ya chini ya mizinga yangekaribia zaidi maji. Kinachoniuma ni hiki, kabla ya safari walifanya jaribio, mabaharia 30 wakakimbia kwa pamoja kutoka upande mmoja wa deki kwenda mwingine, wakaenda wakarudi, meli ikayumba vibaya mpaka amiri Klas Fleming akasimamisha zoezi isije ikapinduka pale pale gatini. Walijua. Mfalme alikuwa vitani ng'ambo, anatuma barua anaitaka meli yake, fundi mkuu Mholanzi, Henrik Hybertsson, alikuwa ameshafariki mwaka mmoja kabla, na hakuna aliyekuwa tayari kumwandikia mfalme kwamba hii kitu haifai. Kesi ikafanyika baadae, hakuna aliyepatikana na hatia.

Ilikaa chini ya maji miaka 333. Anders Franzén akaipata mwaka 1956 kwa kushusha kifaa kinachong'oa kipande cha mbao kutoka chini, tarehe 24 Aprili 1961 ikaibuka juu, halafu wakainyunyizia dawa ya nta miaka 17 ili mbao zisikauke na kupasuka. Unaposimama mbele yake leo, zaidi ya asilimia 95 ya unachokiona ni mbao zile zile.

Sasa kwanini haikuoza, hapa ndio patamu. Wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao, wanaowafanya watu wa pwani yetu wapandishe majahazi mchangani kila mara wayachome chini na kuyapaka mafuta na shahamu, wanataka maji ya chumvi. Baltic ya Stockholm ina chumvi kidogo sana, kama gramu 6 kwa lita wakati Bahari ya Hindi ina kama 35. Mdudu haishi, na ule uchafu wa mji ulioua oksijeni kule chini nao ulisaidia. Ingezama Kilwa tungepata mizinga na mawe ya farumi tu.

Beba sweta. Ndani wanaweka baridi na mwanga hafifu muda wote kwa ajili ya mbao. Panda mpaka ghorofa za juu uiangalie tezi yake kwa karibu, watu wengi wanaishia chini kwenye omo wanarudi.

Gamla Stan kuna nini zaidi ya maduka ya sumaku za friji?

Ukikaa kwenye barabara ya Västerlånggatan utaona maduka hayo tu na utanilaumu mimi. Ingia vichochoro vya pembeni. Mtu aliyekulia Mji Mkongwe au Lamu atajisikia vizuri, kuta zipo karibu, jua linaingia kwa saa moja tu, na kuna kichochoro, Mårten Trotzigs gränd, kina upana wa sentimita 90 kwenye sehemu yake nyembamba, kina ngazi 36, wakikutana wawili mmoja ageuke ubavu.

Uwanja wa Stortorget una zile nyumba nyekundu na njano za kwenye kadi za posta. Mwezi Novemba 1520 mfalme Christian II wa Denmark, baada ya karamu ya kutawazwa kwake, aliwakata vichwa watu zaidi ya 80 hapo uwanjani, wakuu, maaskofu, wafanyabiashara, na hasira ya jambo hilo ndio iliyomleta Gustav Vasa madarakani na kuitoa Sweden kwenye muungano na Denmark. Sasa hivi watu wanakula aiskrimu pale pale.

Nyuma ya kanisa la Wafini, karibu na ikulu, kuna kiuwanja kina sanamu ya chuma ya mtoto amekaa anaangalia juu, kimo chake kama sentimita 15. Watu wanamfumia kofia na skafu majira ya baridi, wanamwachia sarafu. Watoto wanapenda kumtafuta.

Ni kweli Nobel ya Gurnah ilitoka hapo?

Ilitangazwa hapo, ndio. Jengo la zamani la soko la hisa, hapo hapo Stortorget, chini ni makumbusho ya Nobel na juu ndio inapokaa Akademia ya Sweden, wanaochagua mshindi wa Nobel ya fasihi. Tarehe 7 Oktoba 2021 mlango ulifunguliwa, katibu akatoka akasoma jina la Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, na simu za watu wetu zikawaka siku nzima. Medali yenyewe alikabidhiwa London kwa sababu ya korona, mwaka ule hakukuwa na karamu ya kawaida Stockholm. Kwa maoni yangu makumbusho ni madogo kwa bei yake, lakini ukipita kwenye mgahawa wao wa ndani pindua kiti, washindi wana desturi ya kusaini chini ya viti. Geuza kwa adabu, kuna wanaokula.

Karamu ya tarehe 10 Desemba inafanyika kwenye jengo la manispaa, Stadshuset, lile la matofali mekundu lenye mnara wa mita 106 unaloliona toka Monteliusvägen, lilizinduliwa 1923. Ukumbi wa karamu unaitwa wa bluu na hauna bluu yoyote, msanifu Ragnar Östberg aliyapenda matofali yake akaghairi kuyapaka rangi, jina likabaki.

Kula wapi bila kufilisika?

Mchana, sio usiku. Siku za kazi mikahawa mingi ina chakula cha mchana cha bei moja, kuanzia saa 5 mpaka saa 8, saladi, mkate na kahawa vimo humo humo, mara nyingi nusu ya ambacho ungelipa jioni mahali pale pale. Pale Slussen kuna kibanda cha samaki wadogo wa kukaanga, wanaitwa strömming, wanawekwa juu ya mkate mgumu na vitunguu, simama ule. Östermalms Saluhall ni soko la chakula la mwaka 1888, zuri sana kutazama, bei zake pia ni za kutazama.

Saa 9 alasiri mji mzima unakunywa kahawa, wanaita fika, hata ofisini wanaacha kazi. Agiza bulle, kimkate kitamu, ya iliki badala ya ile ya mdalasini inayosifiwa, iliki wanaisaga mbichi mbichi wanaitia nyingi, ukiuma unapata harufu ya maandazi ya nyumbani kabisa.

Halali ipo, zunguka maeneo ya Medborgarplatsen utapata kebabu na falafeli. Pombe kali na divai za kuondoka nazo kwa kawaida zinauzwa kwenye maduka ya serikali, Systembolaget, Jumamosi wanafunga saa 9 mchana na Jumapili hawafungui. Nahodha naye asiguse kabla ya kung'oa nanga, boti ya mita 10 na kuendelea kikomo ni promili 0.2 ya pombe kwenye damu, na polisi wa majini wapo.

Nibadilishe hela kiasi gani?

Usibadilishe. Kadi kila mahali, mpaka chooni. Sehemu kibao hawapokei noti kabisa, wameandika mlangoni. Wenyewe wanatumiana kwa Swish, inafanana na M-Pesa kwa matumizi, ila inataka akaunti ya benki ya Sweden kwa hiyo mgeni haikuhusu. Hakikisha kadi yako inafanya kazi nje kabla hujaondoka.

Swala na nyakati zake huko kaskazini mnafanyaje?

Juni jua linachomoza kama saa 9 na nusu usiku na linazama saa 4, katikati hapo giza halikamiliki, isha na alfajiri karibu zinagusana. Watu wanafuata ratiba ya msikiti. Msikiti mkubwa upo Södermalm, jirani na Medborgarplatsen, ulifunguliwa mwaka 2000 ndani ya kituo cha umeme cha zamani kilichojengwa 1903, matofali, madirisha marefu, usingedhani. Kibla ni kusini mashariki. Kwenye boti iliyofungwa gatini haina shida, ila cheki tena kama mmebadilisha upande wa kufunga, boti inageuka na wewe hujui.

Watoto watachoka?

Hawatachoka kabla yako. Vasa wenye chini ya miaka 18 wanaingia bure. Skansen, moja ya makumbusho ya wazi ya kwanza duniani, Artur Hazelius aliyafungua 1891, ina nyumba za zamani zilizohamishwa toka kila pembe ya Sweden, dubu, na paa wakubwa wa huku wanaoitwa elgi. Lakini Skansen ni nusu siku, kwa hiyo ukienda nao futa Södermalm.

Ikinyesha?

Shuka chini ya ardhi. Treni za Stockholm zina stesheni 100 na zaidi ya 90 zina kazi za sanaa, tiketi yako ya dakika 75 inatosha kuona kadhaa. Kungsträdgården imechongwa kwenye mwamba, ukuta mbichi, na T-Centralen ya laini ya bluu ina majani makubwa ya bluu yaliyochorwa dari nzima. Hamna foleni wala kiingilio.

Mwezi gani mzuri?

Mwisho wa Mei mpaka katikati ya Juni, halafu Agosti. Julai kuna joto zuri, kama digrii 22 au 23 mchana, ila gati zinajaa na mikahawa mizuri ya mtaani imefungwa wenyewe wameenda visiwani. Mkesha wa katikati ya kiangazi, Ijumaa moja kati ya tarehe 19 na 25 Juni, usiwe mjini, hakuna mtu, hakuna duka. Siku hiyo uwe kisiwani ukipigwa na mbu pamoja na wenzako.

Naweza kuogelea hapo mjini?

Ndio, maji ni masafi na watu wanaruka toka kwenye majabali ya Långholmen. Ya baridi sasa. Usiogelee ndani ya gati, umeme wa maboti na injini havichezewi.

Tukiondoka tuelekee wapi?

Mna njia mbili. Mkirudi baharini ni kule kule Vaxholm, mnachagua kaskazini kuelekea visiwa vya Åland au kusini. Mkitaka Mälaren mnapita Hammarbyslussen, lango la maji linalowapandisha kama sentimita 70 kutoka usawa wa bahari kwenda usawa wa ziwa, na kwa sababu mna mlingoti mtasubiri madaraja ya Skansbron na Liljeholmsbron yafunguliwe, yana ratiba yake na hayafunguliwi saa za watu kwenda na kutoka kazini, kwa hiyo angalia ratiba usiku ule kabla hujalala. Ukishapita upande wa pili, ikulu ya Drottningholm ipo karibu, unaiona kutoka majini. Jaza tangi la maji ya kunywa Wasahamnen kabla ya kuondoka, ya bomba ni mazuri.